Wasini: uliza habari za pomboo kabla ya bei

Mara ya kwanza nilienda Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya, na wenzangu wa chuo, na aibu yake ninayo mpaka leo. Nahodha alipowaona pomboo alikaza mashine akawakata mbele, boti nyingine tatu zikaja mbio, wale wanyama wakazama moja kwa moja. Na sisi tulikuwa tukishangilia!

Safari hii niliwakwepa madalali wa Diani. Nilipanda matatu ya Lunga Lunga hadi Kanana, bodaboda mpaka Shimoni, nikatafuta nahodha mwenyewe pale gatini. "Mzee, pomboo mwawafukuza?" Akaniangalia. "Wao ndio huja. Wasipokuja, utaona matumbawe." Tukapatana hapo hapo.

Kiingilio cha hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali. Kilipe ukiwa bado nyumbani, maana mtandao una siku zake. Na chupa za maji za plastiki ziache huko huko. Hifadhini zimepigwa marufuku tangu Juni 2020.

Tulipowaona pomboo, mzee alizima mashine tukiwa bado mbali. Tukakaa kimya, mashua inasukwasukwa, mpaka nikasikia pumzi ubavuni: pfuu! Mmoja mwenye pezi lililomeguka ncha alipita chini yetu mara mbili, kisha wakajiendea.

Tulipofika Kisite, mzee hakutupa nanga. Alifunga kamba kwenye boya, kwani nanga huvunja matumbawe, na hayo hukua polepole mno. Nilipotoa mafuta ya jua nijipake, akanirushia fulana ya mikono mirefu. Ilinuka dizeli, lakini mgongo haukubabuka na sikuacha mafuta majini.

Mchana tulikula kijijini: kaa, wali wa nazi na mwani wa kukaanga, maji kwenye jagi. Wasini haina mto, na kwa miaka mingi watu wamekinga mvua. Nilipoomba maji ya kujisuza chumvi nikaletewa nusu ndoo, nami nikaona haya kuomba zaidi. Ile njia ya mbao inayoendeshwa na kina mama wa kijiji, inayopita juu ya matumbawe ya kale na mikoko, usiikose.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya boti mbili zilizopita na muziki juu, zikiwakimbiza pomboo wale wale. Mzee wangu alitema mate baharini, akavuta kamba ya mashine, tukarudi Shimoni.