Gitaa Lililojua Kungoja: Usiku Mmoja Katika Peña ya Jerez

Dakika kumi kabla ya onyesho, mpiga gitaa alikuwa amekaa kando ya jukwaa akitibu ukucha. Ukucha wa kidole cha pete, mkono wa kulia, ulikuwa umechanika ubavuni. Akautandikia kipande cha karatasi ya shashi, akadondosha tone la supagluu, akapuliza, kisha akausugua kwa msasa taratibu mpaka ukalingana na wenzake. Wapiga gitaa wengi wa flamenko, muziki wa kuimba, kupiga gitaa na kucheza wa kusini mwa Hispania, hutembea na kichupa hicho cha gundi, kwa sababu rasgueado, ule mchapo wa vidole vinavyofumuka kimoja baada ya kingine juu ya nyuzi, hula kucha vibaya sana. Nimewaona wanaume wengi wakifanya hivyo. Mwanamke, huyu alikuwa wa kwanza, na mimi huu ni mwaka wangu wa sita nikihangaika na gitaa.

Nilikuwa Jerez de la Frontera, kusini mwa Hispania, mwishoni mwa Februari, wakati wa Festival de Jerez. Tangu 1997 tamasha hilo hujaza mji watu wa kila pembe ya dunia wanaokuja kutazama na kujifunza kucheza. Maonyesho makubwa hufanyika Teatro Villamarta. Mimi usiku ule sikutaka viatu wala mikia ya magauni. Nilitaka sauti na nyuzi tu. Nikaenda kwenye peña ya mtaa wa San Miguel, mtaa ule ule wenye sanamu ya mwimbaji La Paquera de Jerez, aliyefariki 2004 na ambaye bulería zake, nyimbo za haraka za sherehe, bado zinatajwa hapo kwa heshima kama jina la mama mzazi.

Asiyejua peña afikirie klabu ya mtaa. Wanachama wanalipa ada, kuna kaunta ya vinywaji, kuta zimejaa picha za waimbaji waliokufa, na kwenye viti vya mbele wamekaa wazee wanaojua kila ubeti na watakaokunja uso ukikosea. Kiingilio kilikuwa yuro 15, pamoja na glasi ya kwanza ya fino, mvinyo mkavu wa huko. Hakukuwa na kipaza sauti hata kimoja. Kwangu hilo peke yake lina thamani ya nusu ya kiingilio. Mwaka juzi, katika mji mwingine, nililipa karibu mara tatu ya hapo kwenye ukumbi wa watalii, nikakaa chini ya spika, na mpaka leo siwezi kusema yule mwimbaji alikuwa na sauti ya namna gani.

Mwimbaji wa usiku huu, cantaora kama wanavyomwita wenyewe, alikuwa mwanamke wa makamo, gauni jeusi, mikono mitupu. Alifungua na soleá, nyimbo nzito za taratibu, za mtindo wa Utrera, mji mwingine wa kusini. Uchaguzi huo ulinigusa, maana soleá hizo zinahusishwa na mwanamke, Mercedes la Serneta, aliyezaliwa hapo hapo Jerez katika karne ya 19 akaishia Utrera. Baadaye mwimbaji Fernanda de Utrera, aliyefariki 2006, ndiye aliyezibeba kwa ile sauti yake iliyopasuka. Kwa hiyo njia nzima ya wimbo huu imepita katika makoo ya wanawake, na usiku huo kwa mara ya kwanza nikaisikia ikipita pia katika vidole vya mwanamke.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Soleá hutembea kwa mapigo 12, na uzito huangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Pigo la 10 ndipo gitaa kwa kawaida hufunga mstari. Sikio la msikilizaji linapangojea kama mguu unavyongojea ngazi ya mwisho. Katika ubeti wa tatu mwimbaji alilishika neno moja asiliachie. Alilipandisha, likakwaruza, likashuka nusu, likapanda tena. Pigo la 10 likakaribia. Mpiga gitaa hodari lakini mwenye haraka angefunga pale pale, kwa kishindo, na wazee wangesema "ole", neno lao la kusifu. Huyu hakufunga. Aliinamisha shingo, macho kwenye mdomo wa mwenzake, akanyanyua vidole vyote akabaki na kidole gumba tu kwenye uzi mnene, akiugusa kwa kuunyamazisha, du, du, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mapigo 12 mengine yakapita hivyo. Mwimbaji alipomaliza pumzi na kulitua lile neno, ndipo gitaa likafunga, mguso mmoja, mdogo. Kimya. Halafu mzee mmoja mbele yangu akasema "ole" kwa sauti ya chini kabisa, karibu ya kujisemea.

Kusindikiza wimbo ni kazi ya kusikiliza. Kasi ya vidole utaipata kwa mazoezi. Kujua lini usipige ni jambo jingine, na huyu dada analo. Gitaa lake lilikuwa la mberoshi, jepesi, la rangi ya asali changa, na kile kibano cha shingo wanachokiita cejilla alikibana juu zaidi ya wanaume wengi ninaowasikiliza, ili kuifuata sauti ya mwanamke. Hapo juu nyuzi huwa fupi na hulia kwa ukali, mtu akikosea kidogo kila mmoja anasikia. Hakukosea.

Neno moja kwa aliyekuwa akitambulisha wasanii usiku ule: aliwakaribisha kwa kusema tutaona jambo la ajabu, mwanamke anapiga gitaa. Hapana, bwana. Anilla la de Ronda, aliyezaliwa 1855, aliimba huku akijipigia gitaa mwenyewe, na alifariki 1933. Carmen Amaya, ambaye dunia inamjua kwa kucheza, alilishika gitaa pia. Siku hizi yuko mpiga gitaa Antonia Jiménez, mzaliwa wa El Puerto de Santa María, mji jirani tu na Jerez. Wamekuwa wachache, ni kweli, na sababu si siri: kazi ya gitaa ilikuwa ya usiku na ya safari, na baba au mume alikuwa na neno la mwisho. Hata kuimba kwenyewe kulikatazwa. Tía Anica la Piriñaca, bibi wa hapo hapo Jerez aliyezaliwa 1899, aliimba hadharani baada tu ya mumewe kufariki, mume hakutaka. Ndiye aliyesema kwamba akiimba kwa raha, mdomo humjaa ladha ya damu. Huwa nikisikia rekodi zake nahesabu ile miaka aliyonyamazishwa, na inaniuma.

Mimi mwenyewe mwalimu wangu wa kwanza alinishika vidole, akavitazama, akaniambia niachane na gitaa nijifunze kuimba. Kwa hiyo sikuenda San Miguel nikiwa sina upande. Lakini nilikwenda na masikio, na masikio yangu yaliona kasoro pia. Siguiriya haikunifikia. Siguiriya ni wimbo wa msiba, na katikati yake mpiga gitaa aliingiza falseta ndefu, kile kipande cha gitaa peke yake, nzuri kuisikia, iliyosukwa vizuri, ila ilitulegeza. Mwimbaji aliporudi, uchungu aliokuwa ameujenga ulikuwa umepoa, akalazimika kuuwasha upya. Nadhani wao pia waliliona, maana walitazamana. Alegrías, nyimbo za furaha, sikuzijali sana, zilipita. Na saa ya mapumziko ilikuwa ndefu mno, kaunta moja kwa watu wote wale.

Mwishoni ikaja bulería, wote wawili wamesimama, na hapo ndipo niliposahau glasi yangu. Mwimbaji alisogea mezani akaanza kugonga ubao kwa vifundo vya vidole, namna ya zamani ya kushika mapigo kabla ya mambo ya jukwaani. Aliimba beti mbili za haraka, za utani, wazee wakacheka. Kisha akanyamaza, akamtazama mwenzake, akaendelea kugonga tu. Mpiga gitaa alitikisa kichwa kukataa. Mwimbaji akagonga kwa nguvu zaidi. Na yule dada, bila kuacha kupiga, akafungua mdomo akaimba. Sauti ndogo, nyembamba, isiyo na mafunzo ya jukwaa, lakini imekaa ndani ya mapigo kama kisu ndani ya ala. Ubeti mmoja tu. Mwimbaji mkubwa alikuwa amesimama pembeni, amempisha, akimshikia mapigo kwa vifundo vyake, macho yamemwelekea mdomoni, kama mwenzake alivyokuwa amemtazama yeye kwenye soleá.

Ukipata nafasi ya kuwasikia, fika saa tatu usiku mlango unapofunguliwa, ijapokuwa wimbo wa kwanza hautaanza kabla ya saa nne. Chukua glasi yako mapema. Kaa mstari wa pili, upande wa kushoto kwako unapolitazama jukwaa; hapo ndipo mkono wake wa kulia unapoonekana wote, na kile kidole gumba.