Kuvu kwenye Boti na Kuta: Dawa Ipi Inunuliwe Kwanza

Masika yakiisha, ukuta usiopata jua huku pwani hujaa vidoa vyeusi. Boti iliyofunikwa turubai nayo haisalimiki. Kabla hujatoa pesa, dondoshea doa tone la Jik. Likififia ndani ya dakika moja au mbili, hilo ni kuvu. Lisipobadilika, huenda ni kutu au masizi, na dawa zilizo hapa chini hazitakusaidia.

1. Klorini ya maji (Jik na za aina yake)

Kwa ukuta wa plasta uliopakwa rangi na kwa boti ya faiba, hii ndiyo ya kwanza, na kwa bei yake sioni ya kuishinda. Changanya kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, paka kuanzia chini kwenda juu ili isichore michirizi, iache dakika 10 hadi 15 bila kukauka, sugua, kisha suuza kwa maji baridi mengi. Mimea iliyo chini ya ukuta imwagie maji kabla na baada ya kazi.

Kosa kubwa la wanunuzi ni kutotazama tarehe. Klorini hupungua nguvu kwa joto na mwanga, kwa hiyo chupa iliyoanikwa juani mbele ya duka miezi kadhaa inaweza kuwa imebaki harufu tu. Chukua iliyotengenezwa karibuni, yenye asilimia ya nguvu kwenye lebo. Ile inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa iache: nguvu yake huijui, na mtoto anaweza kuinywa. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi wala amonia. Hutoa gesi inayochoma mapafu. Na isikae kwenye alumini, huila.

2. Unga wa oksijeni

Huu ni sodiamu pakaboneti, unaopatikana ndani ya baadhi ya poda za kuondoa madoa ya nguo, soma lebo. Ni ghali zaidi na hufanya kazi polepole, lakini kwa mashua ya mbao ningeuweka namba moja. Klorini ikitumiwa mara kwa mara huharibu nyuzi za mbao, zikabaki zimechakaa na kusimama kama manyoya. Hudhoofisha pia uzi wa turubai. Koroga unga kwenye maji ya uvuguvugu na uumalize siku hiyohiyo. Usiufungie kwenye chupa, maana hutoa gesi na chupa hupasuka. Mbao zikishakauka kabisa, zipake mafuta au vanishi.

3. Klorini ya unga

Ile ya mabwawa ya kuogelea, yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Inafaa ukiwa na ukuta mrefu au boti nyingi: gramu 15 kwa lita moja ya maji hutoa dawa ya karibu asilimia moja. Unga ndio uingie kwenye maji, si maji kwenye unga. Lakini usiuhifadhi botini. Ukigusana na dizeli, oili au grisi unaweza kuwaka moto wenyewe, na kwa sababu hiyo tu mwenye boti moja simshauri aununue.

4. Siki

Ya vitu vidogo: makabati ya ndani ya boti, mipira ya madirisha. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe msizipake siki, asidi hula chokaa. Kuta hizo zinataka chokaa mpya, ambayo ukali wake wenyewe huzuia kuvu na huacha ukuta upumue. Rangi ya plastiki juu yake hufungia unyevu ndani.

5. Rangi ya kuzuia kuvu

Ni kinga, si tiba. Fundi akikuambia "tupake tu, itafunika," mkatalie. Kuvu lililo hai litatokeza tena. Ukuta usafishwe na ukauke kwanza.

Mashine ya presha sikuiweka kwenye orodha. Ikodishe ukiihitaji, na isielekezwe kwenye plasta iliyolegea wala kwenye maungio ya mbao, maana hung'oa kalafati, yaani kile kinachoziba nafasi kati ya mbao.