Ukurasa wa dengue wa Nextstrain: ulionionyesha kosa halikuwa la vitendanishi

Wiki 2 nzima nilikuwa nalaumu vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Sampuli zilizotoka chanya kabisa kwenye kipimo cha haraka cha NS1 (protini ya virusi vya dengue) zilikuwa zikichelewa mno kuonekana kwenye PCR, kipimo kinachonakili vinasaba vya virusi, ya dengue aina ya 2, nyingine hazionekani hata kidogo. Nikafungua boksi jipya. Yale yale. Ndipo nikaingia Nextstrain.

Ni tovuti ya bure ya kufuatilia mabadiliko ya virusi, wala hujisajili. Unachagua aina ya 1 hadi ya 4, unaletewa mti wa ukoo wa virusi, ramani, na chini mchoro wa sehemu za jenomu (vinasaba vyote vya kirusi) zinazobadilika zaidi. Huo wa chini ndio dhahabu. Jenomu ya dengue ina herufi kama 10,700, na kimeng'enya kinachoinakili hakirudi kusahihisha makosa yake, kwa hiyo mabadiliko hayakomi. Nilihamisha mchoro kutoka asidi amino (vipande vya protini) kwenda nyukleotidi (herufi zenyewe za jenomu), nikatafuta inaposhika prima yetu, kipande kifupi ambacho PCR huanzia kunakili, nikabofya. Mti ukajipaka rangi upya: tawi zima lilikuwa na herufi tofauti pale pale, kwenye ncha ya prima. Tulipousoma mfuatano wa sampuli zetu, ziliangukia tawi hilo. Nilikaa kimya nikiwawaza wagonjwa ambao tungewaandikia kuwa hawana dengue.

Ramani nayo inafunza. Jenotaipu (kundi dogo ndani ya aina) ya Cosmopolitan ya aina ya 2 iligunduliwa Peru 2019 na Brazil 2021. Kipimo cha kawaida kingekwambia "aina ya 2" tu, usijue kwamba mgeni ameingia.

Ila mistari ya safari kwenye ramani ni makadirio, na mti huonyesha sehemu tu ya mifuatano iliyopo. Afrika ina matawi machache kwa sababu wanaosoma jenomu ni wachache. Usidhani virusi havipo. Wala rangi mpya si dalili ya ukali: ukali hutegemea sana kama mgonjwa aliwahi kuugua aina nyingine. Kwenye simu mti unabanana, tumia kompyuta.

Ningependa sana waweke mahali pa kubandika prima moja kwa moja. Kwa sasa nahesabu nafasi mwenyewe, na kila aina kati ya hizo nne ina hesabu yake.