Mafuta ya habasoda: tazama chupa kabla ya bei

Mwezi uliopita nilinunua mafuta ya habasoda kwa shilingi 700 katika duka moja la Usita wa Mui, hapa Lamu. Yalikuwa kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, imepangwa mlangoni jua la asubuhi likiipiga. Kufungua nyumbani, harufu ya njugu kuukuu. Mamangu, ambaye huyanywa kila alfajiri kwa asali, alionja tone moja akatema.

Wanunuzi wengi huuliza kama ni ya Misri, ya Ethiopia au ya Bara Hindi. Mimi sasa nauliza yamekaa wapi. Zaidi ya nusu ya mafuta haya ni asidi ya linoleiki, aina moja ya asidi za mafuta, na hiyo huchacha upesi ikipata hewa, joto na mwanga. Thaimokwinoni, ile antioksidanti (kinga dhidi ya kuoksidika) tunayoifuata kwenye habasoda, nayo huharibiwa na mwanga. Kwa hiyo mafuta yaweza kuwa yamekamuliwa vizuri kabisa, kisha yakafia kabatini. Tarehe ya mwisho haitakwambia hilo. Omba kunusa: mazima yana ukali wa viungo na uchungu unaowasha koo, yaliyochacha hunuka rangi ya mlango. Kama muuzaji hataki ufungue, basi awe na moja ya kuonjesha.

Chaguo langu la kwanza ni mafuta ya kampuni ya Hemani ya Pakistan, nami sifichi. Niliyonunua ilikuwa chupa ya kioo ndani ya boksi lake, na boksi ndilo ninalolilipia. Chukua chupa ndogo, maana ukishaifungua hewa imeingia.

La pili ni mbegu nzima. Ganda huyalinda mafuta yake, nawe unatwanga kinuni kiasi cha wiki. Mafuta yanayokamuliwa mbele yako ni ya tatu, ukienda na chupa yako nyeusi. Vidonge vya ganda laini, uliza kwanza jelatini yake ni ya mnyama gani. Vichupa vya bei rahisi visivyo na jina wala tarehe, pita.

Mja mzito, na anayetumia dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kuyanywa.

Niliporudisha yangu, mwenye duka alinambia habasoda haiharibiki, ni dawa ya kila maradhi ila mauti. Maneno ya Mtume (s.a.w.) ni haki, lakini kuyafanya ngao ya mafuta yaliyochacha ni kumdhulumu mnunuzi na dini pia. Akaongeza kuwa bei ni kubwa kwa sababu ya nauli ya boti kutoka Mokowe. Nauli naijua, sote twailipa. Boti haikuziweka chupa juani. Pesa zangu hakurudisha, na leo nimepita, chupa ziko pale pale mlangoni.