Hifadhi ya Hocking Hills, Ohio: Pa Kutembea Kwanza, Kula Baadaye

Kila shule zinapofungwa, wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Columbus na miji ya jirani huulizana swali moja: ni wapi pa kuwapeleka watoto, wazee waliokuja kutusalimia na wageni wa ghafla, mahali penye hewa na miti, bila kutoboa mfuko. Jina linalotajwa kwanza mara nyingi ni Hocking Hills, hifadhi ya jimbo la Ohio iliyoko kusini-mashariki mwa Columbus, karibu na mji mdogo wa Logan. Ushauri huo ni mzuri, ila haumfai kila mtu kwa namna moja. Anayekwenda na masufuria ya pilau, mkaa na spika kubwa, akitarajia kutandika mkeka kando ya maporomoko, atarudi amenuna. Anayekwenda na viatu vinavyoshika chini na chupa ya maji, chakula akakiacha garini hadi baadaye, atarudi akipanga safari nyingine. Naandika tathmini hii ili msomaji ajue mapema yumo katika kundi lipi, na ili mwenye masufuria naye asikose pa kwenda.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazoamua safari nyingi. Kwa miaka mingi desturi ya Ohio imekuwa kutotoza kiingilio katika hifadhi zake za jimbo, ilhali jirani yake Indiana hutoza magari langoni na Michigan huwataka wenye magari kulipia kibali cha mwaka. Gharama halisi ni petroli. Kutoka Columbus ni mwendo wa saa moja na ushei, kwa barabara kuu ya 33 hadi Logan na kisha barabara ya 664, ambayo ina kona nyingi kiasi kwamba mtoto mwenye tabia ya kutapika garini afadhali asipewe maziwa asubuhi hiyo. Ukishaingia milimani mtandao wa simu hukatika katika sehemu nyingi, kwa hiyo ramani ipakuliwe kabla ya kuondoka Logan, na familia zinazosafiri kwa magari mawili au matatu zikubaliane kabisa mahali na saa ya kukutana.

Hifadhi hii si uwanja mmoja. Ni maeneo kadhaa yaliyotengana, kila moja na maegesho yake, na katikati yake kuna msitu, mashamba na nyumba za kupanga za watu binafsi. Yanayotembelewa zaidi ni Old Man's Cave, Cedar Falls, Ash Cave, Rock House na Cantwell Cliffs. Mpango wa kuyamaliza yote kwa siku moja hugeuka kuwa siku ya kufunga na kufungua milango ya gari; mawili yanatosha, matatu kwa vijana wenye pumzi.

Kinachoyaunganisha maeneo haya ni mwamba mmoja. Ni mawe ya mchanga ya tabaka liitwalo Black Hand, yaliyotandazwa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wakati sehemu hii ilipokuwa chini ya bahari ya kina kifupi. Tabaka la juu na la chini limeshikamana kwa nguvu, lakini la kati ni laini, na maji ya vijito yamekuwa yakilila la kati huku la juu likibaki limetokeza. Ndiyo sababu mengi ya yale yanayoitwa mapango si mashimo yenye giza, bali ni mapaa makubwa ya mwamba yaliyo wazi upande mmoja, na anayeogopa popo au giza hana cha kuhofia. Barafu kuu za zama za kale hazikufika ndani ya mabonde haya, ila ubaridi wake ulifika, ukaleta miti ya kaskazini kama hemloki, ambayo imebaki ndani ya makorongo hadi leo pamoja na kangaga na ukoga wa kijani kibichi. Hewa ya chini huko ni baridi hata mwezi Julai, na sweta jepesi la mtoto si mzigo wa bure.

Old Man's Cave ndipo wageni wengi huanzia, na ndipo ningemshauri mgeni wa mara ya kwanza afike asubuhi na mapema au asifike kabisa. Kituo cha wageni kipo juu, kina vyoo safi vya maji, ramani na maelezo ya kutosha. Kutoka hapo unashuka korongoni kwa ngazi za mawe, unapita maporomoko ya juu, madaraja, mahandaki mafupi yaliyotobolewa mwambani, pango lenyewe na maporomoko ya chini. Sehemu kubwa ya kazi hii ya mawe ilifanywa katika miaka ya 1930 na vijana wa mpango wa ajira wa serikali ya Rais Franklin Roosevelt, na ubora wake unaonekana kwa macho: ngazi zimechongwa zikafuata umbo la jabali, hivi kwamba mara nyingine hujui mwamba umeishia wapi na mkono wa mtu umeanzia wapi. Njia ni ya kwenda upande mmoja tu, na utaratibu huo ni wa busara, kwa sababu baadhi ya vijia havipitishi watu wawili wakipishana. Una hasara yake, hata hivyo. Mwenye magoti mabaya akishashuka na kuanza mzunguko hawezi kusema narudi nilikotoka, na kigari cha mtoto hakina nafasi kabisa. Mtoto abebwe mgongoni kwa kanga au kwa mbeleko ya kisasa. Pango limepewa jina kwa ajili ya Richard Rowe, mpweke aliyeishi humo baada ya familia yake kuhamia bonde la mto Ohio mnamo miaka ya 1790, na masimulizi ya huko yanasema alizikwa humo humo.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, hazina ya hifadhi hii kwa familia zetu ni Ash Cave. Njia ya kuingilia imesakafiwa, haina ngazi, na ina urefu wa kama mita 400 tu, kwa hiyo kiti cha magurudumu hupita, kigari cha mtoto hupita, na bibi mwenye mkongojo hupita kwa mwendo wake mwenyewe. Unakwenda katikati ya miti mirefu ukisikia maji kwa mbali, kisha korongo linafunguka na unajikuta chini ya paa la mwamba lenye upana wa kama mita 210, kina cha mita 30 na kimo cha mita 27, maji yakianguka kutoka ukingoni hadi kwenye kidimbwi kidogo. Sakafu yake ni mchanga mkavu ambao mvua haiufikii. Sauti hubebwa kwa namna ya ajabu: mtu akinong'ona upande mmoja, aliye upande wa pili husikia, na wahubiri wa zamani walilitumia jiwe moja lililoko mlangoni kama mimbari.

Niliwahi kumpeleka hapo mama wa rafiki yangu, mtu wa Uvira, ambaye tangu afike Marekani alikuwa hajatoka sana nje ya mtaa wao. Alivua viatu, akakaa kwenye gogo, akaingiza vidole vya miguu mchangani na kuuliza kwa nini pango linaitwa la majivu. Nikamweleza kwamba walowezi wa kwanza walikuta humo lundo kubwa la majivu linalodhaniwa kuwa la mioto ya wenyeji wa asili wa nchi hii, na kwamba lilipochimbuliwa mwaka 1877 zilipatikana mishale, mifupa ya wanyama, vigae vya vyungu na magunzi ya mahindi. Mama alitazama juu, akatazama chini. “Kumbe wenzetu walikuwa wanachoma mahindi humu humu, mwanangu,” akasema, “na sisi tunaambiwa tusiwashe hata kijiti!” Hoja yake ilikuwa na uzito, lakini ukitazama jinsi mchanga ule ulivyo safi utaona kwamba katazo nalo lina uzito wake.

Cedar Falls inawafaa wanaopenda maji mengi, kwani ndiyo maporomoko yenye maji mengi kuliko yote hifadhini. Ngazi zake zilibuniwa na Akio Hizume, msanii na msanifu majengo wa Japani, kwa nafasi zisizolingana, na inafaa kuwaacha watoto wazipande wenyewe waone miguu inavyobadilishana. Rock House ni ya wenye ujasiri kidogo: humo mwamba umetobolewa ushoroba wa urefu wa mita 60 katikati ya ukuta wa jabali, wenye madirisha ya asili yanayoingiza mwanga, na ndilo pango la kweli pekee katika hifadhi nzima. Cantwell Cliffs haina watu wengi, kwa kuwa iko mbali na kwingine na ngazi zake hazimhurumii mtu. Conkle's Hollow, iliyo jirani, ni hifadhi ya mazingira yenye masharti makali zaidi. Mbwa hawaruhusiwi, na njia ya juu ya majabali haina kingo, kwa hiyo mwenye watoto watundu abaki katika njia ya chini.

Wanaotaka kutembea hasa, si kuzunguka tu, wana njia ya Grandma Gatewood, ya kama kilomita 10, inayotoka Old Man's Cave kupitia Cedar Falls hadi Ash Cave. Emma Gatewood alikuwa mwanamke wa Ohio, mama wa watoto 11, ambaye mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, aliitembea peke yake njia ndefu ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,200, akiwa amevaa viatu vya raba na kubeba begani mfuko wa kitambaa aliojishonea. Nalitaja hili kwa ajili ya ndugu zetu wanaoahirisha safari mwaka baada ya mwaka wakisubiri kununua buti za dola 200. Raba zenye soli isiyoteleza zinatosha. Jambo la kupanga ni usafiri wa kurudi, kwani mwisho wa njia si mwanzo wake; gari moja liachwe Ash Cave kabla ya kuanza.

Msimu nao hubadilisha kila kitu. Machi na Aprili maji ni mengi na njia zina tope. Mwishoni mwa kiangazi maporomoko ya Ash Cave huweza kubaki uzi mwembamba, na anayekwenda wakati huo kwa sababu ya picha aliyoiona kwenye simu atadhani ametapeliwa. Oktoba majani hubadilika rangi na Jumamosi zake hujaa magari hadi maegesho hayatoshi, kwa hiyo mwenye uwezo wa kupata ruhusa kazini aende Jumanne. Januari, baridi ikikaza, chini ya maporomoko hayo hujengeka kichuguu cha barafu kinachopanda kuelekea ukingoni, na hapo ndipo wenzetu waliotoka nchi zisizo na theluji huielewa baridi ya Ohio kuwa ina upande wake wa uzuri. Viatu viwekewe meno ya chuma ya kuzuia kuteleza, kwani ngazi zilizoganda si mchezo.

Masharti ni machache na hayana mzaha: kutotoka nje ya njia, kutoogelea wala kuchezea maji ya maporomoko, na kuwa umeondoka njiani nusu saa baada ya jua kuzama. Watu wamewahi kufa hapa kwa kuanguka kutoka majabalini, wengine wakiwa wamevuka kingo kutafuta picha. Mzazi amshike mtoto mkono. Asitegemee ukuta wa mbao kila mahali, kwa sababu haupo.

Sasa masufuria. Meza za mandari zipo Old Man's Cave na Ash Cave, juu karibu na maegesho, pamoja na vibanda vyenye paa, na zinatosha kwa familia moja au mbili zinazokula sambusa, matunda na chai ya chupa kisha zikaondoka na taka zao. Hazifai kwa sherehe ya watu arobaini, na muziki wa sauti ya juu katika korongo linalobeba hata mnong'ono ni kuwakosea adabu wengine. Kwa shughuli ya namna hiyo, Lake Logan ni bora zaidi. Nayo ni hifadhi ya jimbo, iko karibu na mji wa Logan kabla hujaingia milimani, ina ufuko wa kuogelea, meza kandokando ya ziwa na nafasi ya watoto kucheza mpira wakati wakubwa wanageuza nyama. Mpango ninaoupendekeza ni Ash Cave asubuhi, kabla ya saa nne, kisha kurudi Lake Logan mchana kuwasha jiko. Wavuvi hupata humo kambare, ila kila mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea lazima awe na leseni ya uvuvi ya Ohio, ambayo hupatikana kwenye intaneti na ni vyema ikanunuliwa nyumbani, wakati simu bado ina mtandao.