Pipi za Fuwele za Tabora: Chagua za Sukari Tupu

Kwa wiki tatu sasa nimekuwa mteja wa duka dogo lililo karibu na soko kuu la Tabora, ambako mama mwenye duka hutengeneza mwenyewe pipi za fuwele za sukari na kuziuza kwa aina mbili: za sukari tupu kwa shilingi 500 kijiti kimoja, na za asali kwa shilingi 800. Nimezila zote mara kadhaa, na kwa maoni yangu hizo za bei ndogo ndizo bora.

Ukiinua pipi ya sukari tupu dirishani utaona vipande vyenye nyuso bapa na pembe kali, vingine vikubwa kama punje ya mahindi, vimeshikamana kuzunguka kijiti cha mwanzi kana kwamba vimechongwa. Rangi yake ni ya manjano hafifu, kwa sababu sukari yetu ya kahawia hubaki na molasi kidogo. Ukiitafuna huvunjika kwa mlio na wala hainati menoni.

Uzuri huo unatokana na subira. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 huyeyusha takriban kilo 2 za sukari, lakini yakichemka huweza kuyeyusha karibu kilo 5. Kwa hiyo shira iliyokolezwa motoni ikishapoa huwa na sukari nyingi kuliko maji yake yanavyoweza kushikilia, na ile ya ziada huanza kuganda popote inapopata pa kujishika. Mama huiandalia kijiti kilicholoweshwa, kikagaragazwa kwenye sukari na kukaushwa kabisa, ili chembe zile ziwe mbegu, kisha hukining'iniza ndani ya chupa ya mdomo mpana, huifunika kwa kitambaa na kuiacha wiki nzima. Nilipotaka kuisogeza chupa moja nitazame vizuri, alinizuia upesi: “Hapana mwanangu, hiyo haiguswi.” Shira ikitikiswa, fuwele ndogo huzuka kila mahali kwa wakati mmoja na hakuna inayopata nafasi ya kukua. Wapishi wa visheti wanalifahamu hilo, maana shira yao hukorogwa makusudi mpaka ikauke ikiwa nyeupe na laini kama unga.

Pipi ya asali niliitamani sana, kwa kuwa asali ya miombo ni fahari ya mkoa wetu. Kwa bahati mbaya, asali kwa sehemu kubwa ni glukosi na fruktosi, sukari za aina nyingine, ambazo huizuia sukari ya kawaida isijipange vizuri katika fuwele. Ndiyo maana punje zake ni ndogo, hazina umbo, na zinanata. Tena asali hufyonza unyevu wa hewani. Pipi niliyoiacha mezani usiku mmoja wa mvua niliikuta asubuhi imelowa na kugandamana na karatasi yake, nikaitupa nusu nzima.

Nilimshauri mama aiuze asali yake kando, katika kichupa kidogo, mnunuzi achovye mwenyewe, naye akaniahidi kujaribu. Kwa sasa nanunua vijiti vya sukari tupu, navihifadhi katika kopo lenye mfuniko unaobana, na jioni nakorogea chai: kijiti kimoja kinanitosha vikombe vitatu.