ADAU1701 au SHARC kwa mziki wa ukumbini? Mi nasema hivi

Wakuu mafundi mziki wa Dodoma, hii bodi ya ADAU1701 (chipu ya DSP, yaani inayochakata sauti kidijitali) naisifia bila kupepesa macho. Nimeifunga kwenye sistimu yangu ya kukodisha, harusi na sendofu huku Area C mpaka Nkuhungu, na jamaa yangu anayo yenye chipu ya SHARC ADSP-21489, ile ya flotingi pointi, yaani nukta ya namba inahama kulingana na ukubwa wake, tukazibadilisha kwa zamu maspika yaleyale krosova ileile (ule mgawanyo wa besi na sauti za juu kwa kila spika). Tofauti hatukuisikia, na bei ya SHARC iko juu mbali sana.

Watu wanaambiana eti flotingi ndo sauti safi. Si kweli jamani! Flotingi ya biti 32 usahihi wake ni biti 24 tu, 8 zinaenda kwenye kuhamisha nukta. ADAU1701 ni fiksidi pointi, nukta imetulia palepale, ila ina biti 28, na ukiweka filta kwenye dabo presisheni (usahihi maradufu) inapiga hesabu kwa biti 56. Hiyo dabo usiiache ukiwa unakata besi chini ya Hz 30, manake sampo (vipimo vya sauti) zikiwa 48,000 kwa sekunde filta ya chini hivyo inataka namba za usahihi mkubwa, makosa madogo madogo yanazunguka humo ndani mpaka yanakuwa kelele kwenye sabufa. SHARC nayo ina modi ya biti 40, hapo iko vizuri.

Pa kuwa makini na fiksidi ni ukipandisha EQ (kuongeza au kupunguza sehemu fulani ya sauti). Ina nafasi ya desibeli 24 tu juu ya kiwango cha kawaida, sasa we rundika mbili za desibeli 15 sehemu moja, zinakuwa 30, sauti inapasuka, shusha kwanza sauti inayoingia. Flotingi haipasui katikati, ila mwisho wa siku kwenye kutoa sauti nayo ina kikomo.

Vijana wa UDOM mnaoandika programu zenu wenyewe kwa C, FFT (kuchambua masafa ya sauti), kuzuia fidibaki (ule mlio wa maiki), nyie chukueni SHARC, itawaokolea muda mwingi wa kupanga namba zisifurike. Sisi wa krosova, EQ na limita (kuzuia sauti isizidi), ADAU1701 na SigmaStudio, programu ya kompyuta ya kuipangia, inatosha, ni ya bure, unavuta tu kwa mausi.

Ukinunua hakikisha bodi ina EEPROM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) na setingi umezihifadhi humo, la sivyo umeme ukikatika katikati ya sherehe mkawasha jenereta, bodi inaamka haina kitu.